Baraza la Mto Siku ya Ijumaa

Siku ile niliichagua mimi. Watu wakiniuliza kilichoupata mto wetu huwa naanza kwa kuitaja kampuni, halafu sera, halafu wakubwa, kwa sababu hao ni rahisi kuwalaumu na hawapo kunijibu. Lakini kalenda ilikuwa mezani kwangu na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mwanzo wa wiki watu wako mashambani wanachuma chai na kuipeleka kituoni. Alhamisi ni soko. Jumamosi ni Sabato, na zaidi ya nusu ya bonde letu ni Wasabato, baba yangu akiwa mzee wa kanisa. Jumapili Wakatoliki wako misani. Ikabaki Ijumaa. Nikaandika kwenye barua ya kuitisha baraza: Ijumaa, saa nane mchana. Nikajiona mwerevu, maana nilikuwa nimewakumbuka watu wote.

Nafanya kazi katika ofisi moja mjini inayoshughulika na mazingira na tabianchi. Kazi zangu ni mbili: kuwapelekea wananchi maneno ya sera kwa lugha wanayoielewa, na kuandika kumbukumbu za mikutano yao ili wakubwa wajue wananchi wamesema nini. Kazi ya kwanza ilinishinda kwa miaka mingi. Nilikuwa nikienda vijijini na michoro ya joto na mvua, watu wananisikiliza kwa adabu, wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanarudi kupanda mikaratusi ukingoni mwa mto.

Nyumbani kwetu ni mwendo mfupi kutoka Gesima, mahali ambapo mlima unashuka kwa chai, halafu migomba, halafu mto. Baba yangu, Tata kama tunavyowaita baba zetu kwa Kikisii, hakulipenda neno tabianchi. Alisema ni neno la watu wasio na shamba. Alisema Mungu aliahidi baada ya gharika kwamba majira hayatakoma, sasa hawa wa ofisini ni nani wa kusema yanakoma. Tulibishana hivyo mwaka baada ya mwaka, mimi na shahada yangu, yeye na kikombe chake cha chai.

Lakini mtu huyu huyu alikuwa akiupima mto kuliko ofisi yetu yote. Pale chini ya nyumba kuna mawe saba ya kuvukia. Kila Januari alishuka asubuhi na mapema akahesabu yaliyotokeza juu ya maji. Mwaka aliooa yalitokeza mawili. Mwaka wa baraza yalitokeza matano. Nikimwambia, "Tata, hiyo ndiyo tabianchi," alinijibu, "Hayo ni mawe." Nilicheka wakati huo. Sicheki tena.

Ni yeye aliyenifundisha kazi yangu. Sabato moja, miaka michache kabla ya baraza, alisimama mbele ya kanisa akasema dunia hii si yetu, sisi ni wapangaji, na kila mmoja wetu anaamini tutahama. Je, mpangaji anayehama huchoma mlango? Si hufagia nyumba akarudisha ufunguo? Kisha akasema mikaratusi iliyo ukingoni inakunywa maji ya jirani, na kwamba yeye atakata yake Jumapili. Hakutaja sera hata mara moja. Jumapili ile alikata miti aliyokuwa ameipanda iwe karo ya wajukuu. Kabla ya mwezi kwisha, wanaume wa kanisa walikuwa wameshika mashoka kuanzia daraja la juu hadi la chini. Ofisini nilipongezwa. Mkubwa wangu aliliita bonde letu mfano wa kuigwa, nami nikapokea sifa hizo bila kusema zilikuwa za nani.

Kisha ikaja kampuni. Haja ya umeme, au stima kama tusemavyo kwetu, ilikuwa imepanda kila mahali. Viwanda vya chai vilikuwa vimeongeza mashine, mjini kila duka lilikuwa na friji, na hata huko kwetu kila soko lilikuwa na mashine ya kusaga na mtu wa kuchomelea vyuma, na stima ikapotea mara tatu kwa siku. Kampuni ilitaka kuyachukua maji ya mto wetu pale yanapoporomoka, iyatie katika bomba, yateremke mlimani yakazungushe mtambo, kisha yarudishwe mtoni huko chini. Hakuna moshi, hakuna dizeli. Sera ilisema miradi ya namna hiyo ipewe nafasi ya mbele, na mimi mwenyewe niliupenda mradi huo. Tatizo lilikuwa moja. Kati ya mahali maji yanapoingia bombani na mahali yanapotoka, kuna sisi.

Jumapili kabla ya baraza nilikwenda nyumbani. Nilitarajia Tata atakuwa amekasirika, kumbe alikuwa ametulia.

"Mimi sipingi stima," alisema. "Nani anapinga stima? Wachukue maji. Lakini Januari, mpaka mvua zirudi, wachukue nusu watuachie nusu. Hilo tu ndilo nitakalosema, na likikubaliwa mimi mwenyewe nitawapa mkono."

Nilifurahi karibu nimkumbatie, jambo ambalo kwetu mtu hamfanyii baba yake. Lilikuwa ombi la haki, na dogo. Mhandisi wa kampuni angeweza kulikubali palepale. Nikamwambia Tata aliandike niwapelekee wakubwa mapema. Alinitazama kana kwamba nimemwambia atume kofia yake kanisani na yeye abaki nyumbani.

"Neno la baraza husemwa barazani. Nitasema mwisho, nifunge."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mzee mkubwa kuliko wote hatangulii kusema. Akitangulia amewaziba wengine midomo, kwa maana nani atasimama baada yake aseme kinyume? Kwa hiyo huketi akasikiliza wote, wajinga na wenye akili, kisha husimama akakusanya yote akafunga. Na baraza ambalo mzee hajalifunga halijaisha, hata watu wakiondoka. Hurudiwa siku nyingine. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu utotoni. Nilipotengeneza orodha ya wasemaji niliweka jina lake chini kabisa, na kando yake nikaandika: neno la kufunga. Niliona namheshimu.

Ijumaa ile hema lilisimamishwa katika uwanja wa shule ya msingi. Tata alifika saa saba u nusu. Ijumaa ni siku ya maandalio kwa Wasabato, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuoga, amevaa koti na kofia, chakula cha kesho kiko tayari jikoni, nilichompikia mimi alfajiri kwa sababu mama alikwisha kututangulia kaburini. Alikuwa wa kwanza kutia sahihi katika karatasi ya mahudhurio. Ana mwandiko mzuri, wa watu waliofundishwa zamani kwa kiboko.

Wageni walifika saa kumi na robo. Hawakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia waombe. Kukawa na maombi. Kukawa na wimbo. Kisha wakaanza kutambulishana, nanyi mnajua mambo ya kutambulishana: mkubwa anawatambulisha aliokuja nao, na kila aliyetambulishwa anasimama kutambulisha wengine, mpaka dereva akasalimu watu na kuwaambia alikotoka. Mhandisi alionyesha picha. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa milima.

Watu walisema vizuri, siwezi kukataa. Mama mwenye saluni alisema amechoka kumwacha mteja na nywele nusu. Fundi wa kuchomelea alisimama akasema, "Stima ikipotea nikiwa nachomelea mlango ya mtu, huyo mtu anaona ni mimi mkora. Si kampuni ya stima, ni mimi. Hii bomba ikuje hata kesho." Watu wakacheka na kumpigia makofi. Hakuna aliyegusa jambo la Januari. Kila aliyekuwa na hofu ya maji alimtazama Tata akanyamaza, kwa kuwa walijua analo na atalisema.

Ilipokaribia saa kumi na mbili Wasabato walianza kuinuka. Walitoka kimyakimya, wanawake kwanza, maana Sabato huingia jua linapotua na nyumbani kulikuwa na watoto wa kuogesha na moto wa kuzima. Viti vya plastiki vilibaki vitupu safu baada ya safu. Tata alibaki. Alikuwa ameshika kofia magotini, anatazama mlima. Nilitazama orodha: wasemaji watano kabla yake. Nikaandika kijikaratasi, mpe mzee nafasi sasa, nikampitishia mkubwa wangu aliyekuwa mwenyekiti. Alikisoma akaninong'oneza, "Bado wachache tu, tunamaliza."

Walipobaki wawili Tata alisimama. Hema lote lilimgeukia kwa kuwa walidhani anaanza. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Jua linatua, mwanangu."

"Tata, sema sasa. Ni neno moja."

"Wawili hawajasema. Na nikianza sasa nitamalizia ndani ya Sabato." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na ndilo linaloniumiza mpaka leo. "Watanipa siku nyingine. Baraza halijafungwa. Twende."

Nilijua hakuna siku nyingine. Nilijua ofisini kwetu baraza hufungwa na saa, na mafuta ya gari, na mkubwa akishaona njaa. Nilipaswa kumwambia. Ningemwambia hivyo tu, Tata, hawa hawajui desturi yetu, ukitoka umekubali, huenda angesimama palepale. Huenda angekwenda tu, kwa kuwa ni yeye. Sitajua. Nilimwambia, "Tangulia, nakuja nyuma yako." Akavaa kofia akaenda. Nilimwona akipita kwenye lango la shule, mgongo umenyooka, mtu aliyetimiza mambo yote mawili, heshima ya wadogo zake na heshima ya Mungu wake.

Wale wawili walisema. Mkubwa wangu akauliza kama kuna pingamizi lolote. Chini ya hema walikuwa wamebaki watu wa sokoni na wageni. Neno la baba yangu nilikuwa nalo mdomoni, lote, lilikuwa sentensi moja. Lakini karani hasemi barazani, anaandika. Na mtoto hamfungii baba yake baraza, tena mtoto wa kike, tena baba mwenyewe akiwa hai. Na nilikuwa na mkopo, na cheo nilichokuwa nikikingojea. Sababu hizo zote ni za kweli na hakuna hata moja inayonisaidia. Mikono iliinuliwa. Jua likazama. Sabato ilinikuta naandika.

Kesho yake kanisani Tata alitangaza kwamba baraza la mto halijaisha, na kwamba siku ikitajwa watu wajiandae kuja mapema zaidi. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake. Watu walinigeukia kwa tabasamu, binti yetu wa ofisini, wakijua mimi ndiye nitakayeleta habari ya siku hiyo. Nikainama kana kwamba natafuta ukurasa wa wimbo.

Alingoja. Kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza kama tarehe imetoka, nami nikasema bado. Uongo huo niliusema miezi mingi. Ulikoma siku mashine za kuchimba zilipopanda mlimani, naye akaacha kuniuliza.

Januari ya kwanza baada ya bomba, mto wetu ulibaki vidimbwi. Sitaki kulipamba jambo hilo kwa maneno. Ng'ombe walisimama ndani ya matope wakalamba mawe. Chemchemi ya chini ya migomba, ambayo haikuwahi kukauka hata miaka ya njaa, ilikauka Februari. Wanawake walianza kwenda kuteka maji huko chini yanakotoka bombani, kisha wakapanda nayo mlima, na wenye magoti mabovu wakaanza kununua. Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, na kidimbwi tulichobatizwa sote, mimi na mama yangu na mama yake, hakikuweza kumfunika hata mtoto. Walichimba shimo, wakalitandika karatasi ya plastiki, wakaleta maji kwa punda. Tata aliingia humo na waliokuja kubatizwa.

Na stima? Mtambo unafanya kazi, siwezi kusema uongo. Viwanda vinapata umeme wake. Lakini tanuri ya kukaushia chai haitaki umeme, inataka kuni, kwa hiyo malori ya mikaratusi yanapita barabarani kama zamani na bei ya kuni imepanda. Watu wa juu ya mlima wamepanda mikaratusi tena. Wale waliokata na Tata ukingoni wanauliza walikata kwa nini, nami ndiye niliyewapelekea vyeti vya pongezi. Sokoni stima bado hupotea, kwa kuwa wanaoihitaji wameongezeka kuliko ile iliyoongezwa. Fundi wa kuchomelea amenunua jenereta. Ofisini tunaandika kwamba mradi umefaulu, na kwa vipimo tulivyopewa umefaulu kweli. Nimeacha kuamini kwamba kuna mtu atakayekuja na vipimo vingine. Nikienda vijijini siku hizi nasema yale ya michoro, wananipigia makofi, nami narudi mjini kabla ya mtu kuniuliza swali.

Jumanne moja asubuhi Tata alikuja ofisini. Hakuja kunitembelea, alikuja kushtaki. Alimwambia mkubwa wangu, kwa Kiswahili alichokuwa amekikariri njiani, kwamba maji yamekwisha, na kwamba lile baraza halikufungwa, kwa hiyo anaomba liitishwe tena aseme neno lake. Mkubwa wangu si mtu mbaya. Alimpa kiti, akaagiza chai, akaniambia nilete faili.

"Soma, mzee asikie."

Nikasoma. Wazee wa eneo walihudhuria. Wananchi walitoa maoni. Hakuna pingamizi lililotolewa. Mradi uliungwa mkono kwa kuinua mikono.

"Unaona, mzee wangu," mkubwa alisema kwa upole, "hata sahihi yako ndio ya kwanza hapa. Sisi tunaenda na kile imeandikwa."

Tata aliitazama sahihi yake. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kikisii, sauti ya chini, ile aliyokuwa akitumia kunisaidia hesabu nilipokuwa mdogo.

"Wakati huo mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda nyumbani, Tata. Jua lilikuwa linatua."

"Hilo limeandikwa?"

"Halikuandikwa."

"Na neno langu ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua."

Alimaliza chai yake, kwa sababu kwetu chai ya watu haiachwi, akamshukuru mkubwa wangu, akasimama. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nangoja anigombeze, nilitamani anigombeze mbele ya watu wote wa ofisi. Aliniuliza tu kama Ijumaa nitakwenda kumpikia chakula cha Sabato. Nikasema nitakwenda.

"Basi uje na maji," akasema.

Tangu hapo kila Ijumaa naenda nyumbani na mitungi miwili ya lita ishirini nyuma ya gari. Nikiishusha Tata hutoka nje, huvua kofia, akanishukuru kwa maneno yale yale anayowashukuru nayo wageni.